Maharage Yaliyogoma Chini ya Theluji

Juma lililopita dereva wa lori la mbao alisimama mbele ya kibanda changu cha chakula hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, akanishushia mfuko mdogo wa maharage. Ulikuwa umeshonwa kwa kitambaa cha kitenge kilichopauka, mdomo umefungwa kwa uzi wa samawati. "Mama, hii ametuma ndugu yako, kule Congo," alisema, akaondoka bila hata kuzima injini.

Leo asubuhi nimeyabandika motoni, na tangu hapo sijakaa. Naenda mlangoni, narudi, nafunua sufuria, nakoroga, naenda tena mlangoni. Hajati, muuza mitumba ambaye duka lake na kibanda changu vinagawana ukuta mmoja, ananipigia kelele kutoka kwake: "We mama, utachimba handaki hapo! Kaa chini, banange!" Lakini mimi maharage yakiwa motoni siwezi kukaa. Sababu yake iko mbali na hapa, juu, mahali penye baridi nilipofika mara moja tu maishani. Vuta kigoda, nikusimulie wakati yanachemka.

Tulikuwa watoto watatu. Baba alibaki vitani, kule kwetu Kivu ya Kusini. Mama alitufikisha Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa huku Uganda, akalima misimu michache, kisha homa ikamchukua. Mimi mkubwa nilikuwa darasa la tano. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja wenzangu walipita na madaftari yao, mimi nikapita na dumu la maji, na kesho yake ikawa hivyo hivyo. Chini yangu alikuwepo mdogo wangu wa kiume, na chini yake kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa bado anamwita mama kila akiamka. Wote wawili waliniita Yaya, maana kwetu ndivyo aitwavyo ndugu mkubwa.

Nakumbuka nyumba yetu ya udongo, na turubai la paa lililopigapiga upepo ukitoka ziwani, utadhani mtu anabisha hodi. Nakumbuka harufu ya samaki waliobanikwa, na sombe, majani ya mihogo, ikitwangwa nyumba hadi nyumba, kinu kimoja kikianza na kingine kikiitikia. Jioni viboko waliguna majini, na watoto wa mtaa wetu wakawajibu kwa sauti nene mpaka watu wazima wakachoka kuwakataza. Siku ya mgao tulirudi kutoka kituo cha Base Camp na mahindi na maharage kichwani. Maharage ndiyo yaliyotulea. Niliyajua kama mtu anavyowajua ndugu zake: yapi mapya, yapi yamezeeka ghalani, yapi yatamaliza kuni.

Tulipokimbia, mama alikuwa amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege weusi. Alituambia tushike pindo lake na tusiliachie, hata tukijikwaa. Tulitembea hivyo msituni siku nyingi, mama mbele, sisi nyuma kama vifaranga. Alipofariki, kitenge kile kikawa shuka letu.

Mdogo wangu hakutulia tangu siku tulipofika. Wenzake walicheza mpira wa makaratasi. Yeye alipanda vilima vilivyo juu ya ziwa. Kila Jumapili baada ya ibada alitukokota mimi na kitinda mimba hadi kileleni, akatia mkono juu ya macho na kuuliza, "Yaya, kwetu iko upande gani?" Nilimwonyesha machweo, kwa sababu ndiko nilikokumbuka jua likitua mgongoni mwa milima yetu. Aliangalia huko hadi macho yakamtoka machozi. Na mimi, niliyekuwa nikijifanya nimekuja kuchanja kuni tu, niliangalia pia.

Basi mwaka ule alipofika darasa la saba, mwalimu wao wa jiografia, Mkongomani mwenzetu, alichora mlima ubaoni. Upande mmoja aliandika Uganda, upande wa pili Congo, na juu kabisa akasugua chaki nyeupe kwa ubapa. Akawaambia ile ni theluji, barafu isiyoisha, katika nchi yenye joto kama hii. Wanafunzi walibisha. Mwalimu hakupenda kubishiwa. Alikuwa na rafiki yake wa utotoni, padri katika parokia moja chini ya Milima Rwenzori, na kwa msaada wa padri huyo akapata ruhusa ya kuwapandisha wanafunzi wake hadi kwenye ziwa dogo lililoko mlimani. Watalii hupiga kambi hapo, na mbingu ikifunguka vilele vyeupe huonekana.

Kambi nzima ilizungumza habari hiyo. Lakini kitinda mimba alinijia jikoni, akaninong'oneza kwa mdomo uliojaa muwa: "Yaya, yeye hatarudi na wenzake. Amesema nyuma ya barafu ni kwetu. Ataniletea udongo ya kaburi ya baba."

Nilichungulia chini ya kitanda cha kaka yake. Alikuwa ameficha mihogo mikavu na nguo zake zote.

Kumpiga kusingesaidia. Mtoto aliyekwisha kuondoka moyoni utamfunga kamba hadi lini? Ningemwambia mwalimu, angeachwa, na yeye angekwenda peke yake barabarani usiku wowote apendao. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia jambo moja tu: watoto hawa watahitaji mpishi. Mwalimu alinitazama, akaniuliza kama nitaweza kubeba sufuria mlimani. Nikamjibu nimebeba mambo mazito zaidi. Kitinda mimba nilimwacha kwa bibi jirani, na maharage ya mgao nikayatia guniani.

Lori lilitupitisha Rwekubo, likatuteremsha Mbarara jioni. Tulilala katika ghala la mitumba la Hajati, huyu huyu anayenipigia kelele leo. Mume wake alinunua mahindi Nakivale na alimfahamu mwalimu. Hajati aliponiona nimeketi karibu na sufuria yangu alishika mdomo. "Banange! Huyu mtoto ndiye mpishi?" Mwalimu akamweleza kwamba nina wadogo. Hajati alininywesha chai ya tangawizi, akasema, "Ukubwa jalala, mwanangu. Kila mtu atakuja kumwaga takataka zake kwako. We jifunze kufagia." Kisha akafungua robota la nguo akatuazima makoti. Yote yalikuwa ya wanawake wa Ulaya, yenye manyoya shingoni na vifungo vikubwa kama visosi. Wavulana walikataa kuyavaa. Kule mlimani waliyagombania.

Sikumbuki mengi ya njia ya Kasese, maana macho yangu yalikuwa kwenye kisogo cha mdogo wangu. Nakumbuka kilima baada ya kilima cha migomba, kisha nchi tambarare yenye nyasi ambako wenzake walipiga yowe kuona tembo. Yeye hakugeuka. Alikuwa akiangalia mbele, palipokuwa na ukuta wa buluu, na juu ya ukuta mawingu.

Tulianza kupanda alfajiri. Mwongoza njia alikuwa Mkonzo, mwenyeji wa pale chini ya mlima, mzee mwembamba aliyevaa buti za mpira na kuongea Kiswahili chake cha jeshi la zamani. Tulipita mashamba ya viazi vikuu, tukavuka mto baridi uliokuwa ukivunja mawe, tukaingia msituni. Mianzi ilisuguana juu yetu kama milango mibovu. Ndege mwenye mbawa nyekundu alikatiza mara moja, tukabaki tunaangalia mahali alipokuwa. Juu zaidi miti ilianza kuota ndevu, ndevu za kijani zilizoning'inia hadi mabegani, zikidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Wavulana wakavaa makoti. "Jambo, madamu!" "Bibi arusi, angalia matope!" walitaniana, mpaka baridi ikawanyamazisha.

Nilimsikia mdogo wangu akimuuliza mzee, "Nyuma ya barafu iko nini?"

"Congo."

"Na batu banapitaka?"

"Wawindaji, zamani. Wengine alipita, wengine alilala huko huko."

Mdogo wangu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia sehemu ya kwanza tu. Nilihamisha sufuria kutoka bega hili hadi lile, nikakaza mwendo.

Ziwa tulilikuta alasiri. Sijawahi kuona maji yaliyonyamaza namna ile. Yalikuwa meusi, yamezungukwa na miti ya ndevu, na kila kitu kilichokuwa juu kilikuwa na mwenzake chini. Ziwa letu la Nakivale lina kelele: viboko, wavuvi, wanawake wanaofua. Hili lilinitia wasiwasi. Wanafunzi walikaa ukingoni, mwalimu akawaonyesha upande ambako vilele vilipaswa kuwa. Palikuwa na ukungu tu.

Mimi niliwasha moto kwenye kibanda cha watembeaji, kwa kuni zilizolia machozi. Maharage nilikuwa nimeyaloweka tangu asubuhi kwenye ndoo, kama desturi yetu ya kuokoa kuni. Mzee alikuja akachungulia.

"Wewe mutoto, hiyo maharagwe hapana iva hapa. Sisi huku napika muchele, viazi. Maharagwe hapana."

"Maharagi mi naipika tangu niko mudogo, Papa."

"Moto iko. Maji iko. Lakini mulima itakataa."

Nilidhani ananitisha. Maji yalichemka upesi kuliko nilivyozoea, yakarukaruka kwa furaha, na nikamcheka mzee kimoyomoyo. Jua likatua. Nilichukua punje moja nikaing'ata: jiwe. Nikaongeza kuni. Nikang'ata nyingine: jiwe. Maji yalikuwa yanachemka kweli, mvuke unapanda, lakini ni kama moto wote uliishia kwenye sufuria na hakuna ulioingia ndani ya punje. Hatimaye nikasonga ugali, nao ukatoka mbichi mbichi, tukaula kwa chumvi. "Yaya, tupatie nyundo!" alisema mvulana mmoja aliyejaribu kutafuna maharage. Wote wakacheka. Mwalimu alitafuna lake hadi mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza.

Asubuhi maharage yalikuwa bado kama kokoto. Nilikuwa nimeinama nikipuliza moto niliposikia mwalimu akipiga makofi: ukungu unapanda, twendeni ukingoni mwa mlima tuone theluji, upesi, kabla haujashuka tena. Watoto walitoka mbio. Mwalimu akaniuliza, "Unakuja?" Niliangalia sufuria. Watoto hawa hawakushiba usiku. Wakirudi wakute nini? "Endeni," nikasema. "Mimi nitachunga chakula."

Niliingia kibandani kutafuta chumvi. Pale tulipolala palikuwa na makoti na mablanketi. Mfuko wa mdogo wangu haukuwepo. Kitenge cha mama, tulichojifunika sote wawili, hakikuwepo.

Nilitoka nje nikiwa na mwiko mkononi. Mzee alikuwa anakunja kamba. "Wewe, unakwenda wapi? Sufuria nani atachunga?"

Nilikuwa nimekwisha kuianza njia.

Kupanda pale si kukimbia, hata ukitaka kukimbia. Mizizi inakushika, matope yanakuvua viatu, na kifua kinatafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani. Niliwakuta wanafunzi ukingoni, wamesimama mstari mmoja, makoti ya manyoya yamefungwa hadi kidevuni. Mwalimu alikuwa amevua kofia. Niliinua macho kidogo tu na nikaona weupe, mkubwa, juu kuliko nilivyotarajia kutafuta, umekaa kati ya mawe meusi kama mtu aliyefika zamani na hana haraka. Kisha nikashusha macho nikamtafuta mdogo wangu. Hakuwa kwenye mstari.

Kulikuwa na kijia kilichoteremka upande wa pili, na kwenye matope yake nyayo mpya. Nilizifuata. Nilimkuta mbele kidogo, mahali kijia kilipoingia kwenye kinamasi na kupotea. Alikuwa amesimama juu ya tuta la nyasi, mfuko mgongoni, kitenge cha mama shingoni. Mbele yake palikuwa na bonde, na baada ya bonde ukuta wa mawe, na baada ya ukuta, barafu.

"Yaya," alisema bila kugeuka. "Njia iko wapi?"

Nilisimama nyuma yake nikihema. Nikuambie ukweli: na mimi niliitafuta. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Kwenye ubao wa mwalimu Congo yote ilikuwa kama kiganja, na mimi niliyeishia darasa la tano nilikuwa nimeamini, kama yeye, kwamba ukipita ile chaki nyeupe utaliona Ziwa Tanganyika likimeremeta, na paa la nyumba yetu, na migomba ya mama. Nilikuja kumrudisha, lakini kama kungekuwa na njia pale, siapi kwamba ningerudi.

"Haiko," nikasema.

"Mwalimu alisema nyuma ya barafu ni Congo."

"Ni Congo. Lakini si fasi yetu. Kutoka hapa kwetu ni mbali kuliko kutoka Nakivale." Nilikuwa ndiyo kwanza ninaelewa nikisema.

Alikaa kwenye nyasi zilizolowa na kulia, kilio cha mtu mzima, cha mabega. Mama angekuwa na la kumwambia. Nilitazama mkono wangu nikaona bado nimeshika mwiko.

"Inuka, tuende," nikamwambia. "Maharagi inaungua."

Alifuta pua kwa kitenge, akanitazama, akatazama mwiko. "Maharagi ile ya mawe? Itaungua na nini, Yaya? Moto yenyewe inaiogopa."

Nilianza kucheka mimi, kisha yeye, tukacheka pale kinamasini huku machozi yanatutoka, hadi tukasikia mwalimu anaita kwa hofu kutoka juu. Ukungu ulikuwa unashuka tena. Nilikichukua kitenge shingoni mwake, nikajifunga kiunoni, nikatangulia. Nilihisi tu pindo likivutika nyuma yangu, nikajua ameshika.

Mwalimu alitaka tuyamwage maharage tupunguze mzigo. Nilikataa. Sisi hatumwagi chakula. Niliyachuja nikayateremsha kwa ndoo kichwani njia nzima, na kwenye uwanja wa parokia, chini kabisa, nikayabandika tena. Yaliiva kabla jua halijatua, laini, mchuzi mzito, kana kwamba hayajawahi kugombana na mtu. Watoto walikula wakilamba vidole. Mdogo wangu aliongeza, akaongeza tena. Mzee mwongoza njia alionja akasema, "Kumbe ni zuri. Ilikuwa nataka kushuka tu."

Sasa mengi ya wakati ule hayapo. Nyumba yetu ya turubai imekuwa shamba la mahindi la mtu mwingine. Bibi jirani amezikwa kilimani, na mwalimu shirika la wakimbizi lilimpeleka nchi ya mbali ambako, nasikia, theluji humfuata hadi mlangoni. Vijana wanaopanda Rwenzori husimama kwangu kula wakipita Mbarara, na husema barafu inarudi nyuma kila mwaka, kwamba wanakanyaga mwamba mtupu mahali wazee walipokanyaga weupe. Huwa nawaongezea mchuzi. Nilipewa nafasi ya kuiangalia nikaiangalia nusu tu, kwa sababu nilikuwa namtafuta mtu, na sasa naambiwa inaondoka.

Mdogo wangu naye aliondoka, kwa barabara ya kweli, siku alipokuwa mtu mzima. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi hapa Mbarara. Mwalimu alikuwa akipenda kutuambia milima haikutani, watu ndio hukutana. Pale kituoni nilikichana kitenge cha mama katikati, nikampa nusu yake. Sikumfuata.

Jana alipiga simu. "Yaya, ulipata maharagi? Nililima mwenyewe, pale pale kwa mama. Nyumba imeanguka lakini udongo iko. Kuya uone." Ndipo nilipouchukua ule mfuko, nikautazama vizuri kwenye mwanga, nikawaona ndege weusi.

Kitinda mimba, ambaye sasa anasomea uuguzi hapa mjini, amekuja mchana huu kula. Amenikuta nasimama, naketi, nasimama. Amechukua punje moja kwenye mwiko, akaipuliza, akaibonyeza kwa ulimi.

"Imeiva, Yaya."

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui. Imeiva tu." Amenitazama miguu, kisha mlango. "Unataka kwenda."

"Na wateja? Na wewe na masomo yako? Nani atachunga hii sufuria?"

Ameunyoosha mkono, akaushika mwiko kwa upande wa pili, akauvuta polepole kutoka kwenye vidole vyangu.

"Leta," amesema. "Nitachunga mimi."